Kifyatulio Chepesi cha Papa Kabemba

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa nane, mwaka 2016, mwanangu. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Utasema huo si ujana, lakini wakati ule nilikuwa bado sijui kuambiwa "hapana", kwa hiyo niite kijana tu.

Nilifanya kazi katika karakana ya silaha kule Rosettenville, upande wa kusini wa jiji hili la dhahabu. Kazi ya kukereza vyuma nilijifunza Lubumbashi, kwenye mitambo ya mgodi, na chuma kilikuwa kinanitii. Aliyekuwa juu yangu ni Mzee Athumani, mtu wa Tanga, mpole, aliyevaa miwani miwili kwa pamoja akitazama kitu kidogo. Jambo alilisema mara moja tu, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Basi akaja mteja, Papa Kabemba (kwetu mtu mzima huitwa Papa, yaani baba), mtu wa Bukavu aliyekuwa na kampuni ndogo ya walinzi. Alikuwa na bunduki ile inayojipakia yenyewe, na kibali chake cha kuimiliki kilikuwa halali. Kwenye uwanja wa mazoezi ya shabaha ilikuwa imekwama mara tatu, ganda la risasi likang'ang'ania ndani.

"Fundi, nataka isikwame tena," akaniambia. "Kuna mtu anatembea ndani ya nyumba yangu."

Alikuwa amenunua nyumba ya zamani Bertrams, karibu na uwanja wa mpira, yenye sakafu ya mbao na korido ndefu. Akanisimulia akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayeona haya. Hatua zilisikika mchana, saa tisa hivi. Akiita, hakuna jibu. Akienda kutazama, hakuna mtu, lakini birika la maji ni la moto. Kufuli la mlango wa mbele alilibadilisha, hatua zikaendelea. Hakuna kilichoibwa hata kijiko. Na mbwa, ambaye aliachiwa pamoja na nyumba, habweki. Mkewe, Mama Neema, alikuwa ameshachukua watoto akahamia kwa dada yake.

"Anasema nyumba ina wenyewe," Papa Kabemba akasema. "Mimi nasema ina mwizi. Yeyote yule, nitamngoja."

Mzee Athumani alisikiliza, akaifungua bunduki, akanionyesha. Springi za magazini, kile kisanduku cha risasi, zilikuwa zimechoka. Kile kidole cha chuma kinachovuta ganda kilikuwa kimelika, na mahali risasi inapokaa palikuwa na masizi ya miaka. "Badilisha hivi, safisha vile, iende uwanjani ipigwe mpaka uiamini," akasema. "Kifyatulio usikiguse. Bunduki ya nyumbani kifyatulio chake kiwe kizito."

Nilifanya yote aliyosema, na niliyafanya vizuri. Lakini Papa Kabemba alikuwa ameninong'oneza mlangoni kwamba kifyatulio kile kilimchosha kidole, na mimi nilitaka kusifiwa. Mzee alipokwenda kuswali nikakilegeza. Kikawa laini kabisa. Ukikifikiria tu, kinakwenda. Nilikibonyeza mara nyingi bunduki ikiwa tupu, nikifurahia ule mlio wake mdogo kama wa mtu anayegonganisha meno. Mzee sikumwambia.

Uwanjani ikapiga bila kukwama hata mara moja. Papa Kabemba akanikumbatia, akaniomba Jumamosi niende kwake kumfungia tochi chini ya mtutu, kwa sababu korido yake ilikuwa na giza hata mchana.

Nilikwenda. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa ukipeperusha vumbi la machimbo, na mabati ya nyumba ile yalikuwa yakiguna. Nilifunga tochi, tukajaribu mwanga wake kwenye ukuta, kazi ikaisha. Ningeweza kuondoka. Lakini saa tisa ilikuwa inakaribia, na sote wawili tukakaa sebuleni, yeye bunduki imelala mapajani. Hapa nitakwambia jambo ambalo hata padri sikumwambia upesi: nilikuwa natamani aje. Nilitaka kuona kazi ya mikono yangu.

Mbwa alikuwa amelala kwenye korido. Akainua kichwa, akasimama, akaanza kutikisa mkia akitazama jikoni, mahali ambapo sisi hatukuona kitu.

Kisha tukasikia mbao za sakafu. Hatua moja, kimya, hatua nyingine, kama za mtu anayeijua njia.

"Nani?" Papa Kabemba akaita. Hakuna jibu.

"Nani huyo? Nina silaha!"

Bomba la jikoni likafunguliwa. Maji yakaanza kumwagika. Mwizi gani anafungua maji ukimwambia una silaha?

Papa Kabemba akaingia koridoni, mimi nyuma yake. Tochi ikawaka. Kupitia mlango wa jikoni tukaona mgongo wa mtu mfupi, mwenye koti jeusi, nywele nyeupe kama pamba. Hakugeuka. Mwanga wote ulimwangukia na bado hakugeuka.

Mlio ukatokea. Masikio yangu yakaziba, chokaa ikamwagika toka ukutani, na nikamwona Papa Kabemba akiitazama bunduki kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine.

"Sijavuta," akasema. "Fundi, sijavuta!"

Na yule mtu, mwanangu, aliendelea kusuuza kikombe. Vumbi la ukuta lilimwangukia kichwani, yeye anasuuza. Risasi ilikuwa imepita karibu na sikio lake, ikatoboa fremu ya mlango wa nyuma, ikakaa kwenye matofali. Alipomaliza akafunga bomba, akageuka akatuona. Alikuwa bibi wa Kireno, mzee sana. Akatabasamu.

"Mmechelewa," akatuambia kwa Kiingereza chake. "Kaeni. Chai inakuja."

Alikuwa kiziwi. Hakusikia tulivyomwita, na hata risasi hakuisikia. Katika nyumba ile alikuwa ameishi miaka mingi, akazaa humo, akazika mume kutoka humo. Watoto wake walipoiuza walimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mitaa miwili tu kutoka hapo, na akili yake ikabaki njiani. Kila alasiri alikuwa akirudi kwake kunywa chai. Ufunguo wa mlango wa nyuma alikuwa nao, akiingia na kutoka huko huko, na kufuli la nyuma Papa Kabemba hakulibadilisha. Mbwa alikuwa wake.

Papa Kabemba alikaa chini sakafuni akalia. Mimi ndiye niliyekunywa ile chai, kwa sababu bibi alikuwa amenisimamia akingoja, na sikuweza kumkatalia.

Majirani waliita polisi. Bunduki ikachukuliwa, na kibali kikachunguzwa kwa miezi mingi. Nami nilikwenda kwa Mzee Athumani nikamweleza yote. Alivua miwani yote miwili.

"Umeifanya iwe na haraka kuliko mwenyewe," akasema. "Angekufa, ungesema nani kaua?"

Kwa muda mrefu aliniweka kwenye kufagia na kupaka mafuta, na sikulalamika. Mama Neema alirudi na watoto, na kila Jumamosi bibi akawa analetwa na muuguzi kunywa chai, anapokelewa mlangoni, mpaka alipofariki.

Mwanangu, simkatazi mtu kulinda nyumba yake. Jiji hili nalijua. Ukiwa na silaha yenye kibali, itunze: isafishe, badilisha kilichochoka, ijaribu uwanjani, ifungie ndani ya sefu. Kifyatulio kiache kizito, ili moyo wako upate nafasi ya kubadili nia. Anza na makufuli, yote, na taa. Usipige kitu usichokijua kwa uso. Mtu asipokujibu, si lazima awe adui; huenda hasikii. Na zaidi ya yote, siku utakapojikuta umekaa unatamani mtu aje, inuka, iweke silaha chini, toka nje ya nyumba hiyo.

Mungu akulinde wewe na watu wa nyumbani kwako, akupe mkono mzito na sikio jepesi, na asikuonyeshe kamwe nilichokiona kwenye korido ile. Amina.