Jumapili za Fundi wa Lifti

Fundi wa lifti alipostaafu, kitu cha kwanza alichofanya ni kumnyang'anya mkewe kikapu. Mkewe alikuwa msusi. Wiki nzima husimama nyuma ya kiti saluni, na ikifika Jumamosi jioni miguu imevimba hata ndala haziingii. Halafu Jumapili, siku yake pekee ya mapumziko, alikuwa akiamka na kuzunguka supamaketi tatu kutafuta wapi mchele umeshuka na wapi sabuni imepanda. Fundi akasema basi, imetosha. Jumapili utalala, manunuzi ni kazi yangu. Mkewe alimtazama, akatabasamu, akampa kikapu na hela, ila akamwonya kuwa bajeti ni hiyo hiyo. Akizidisha, yeye mke anarudi kwenye mzunguko mwenyewe.

Sasa jamani, kuna watu Mungu kawapa akili ya nyaya na nati, akawanyima ile ya rafu za supamaketi. Fundi huyu angesikiliza lifti ikipanda tu, akakwambia ni beringi ipi inayolalamika. Lakini mweke mbele ya aina kumi za mafuta ya kupikia, anaduwaa. Jumapili ya kwanza aliingia supamaketi ya jirani kabisa, yenye kiyoyozi na muziki laini, akatumbukiza kila kitu kwenye kitoroli, na alipofika kwa keshia roho ikamruka. Hela ya mkewe haikutosha. Akajazia ya kwake, vijisenti alivyokuwa akipata kwa kutengeneza pasi na feni za majirani.

Njia nzima alijiambia atasema ukweli. Lakini alipofungua mlango akamkuta mkewe kajilaza, miguu juu ya mto, uso umetulia. Akasema bajeti imetosha, na chenji hii hapa. Chenji yenyewe ilitoka mfukoni mwake. Mkewe akashangaa, mafuta kayapata wapi kwa bei hiyo? Fundi akajibu kuna duka kaligundua huko nyuma nyuma, si rahisi kulielekeza. Ubaya ni kwamba wiki iliyofuata mafuta yalihitajika tena.

Basi ikawa hivyo kila Jumapili. Pasi na feni za majirani zinalisha nyumba kimyakimya, naye fundi anarudi kifua mbele, huku moyoni anahesabu feni zilizobaki mtaani. Na mkewe, masikini, alivimba kichwa kwa niaba yake. Saluni nzima ikajua kwamba yule mume wa msusi ni kiboko ya bei. Kila aliyekaa kwenye kile kiti aliondoka na misuko kichwani na habari za mafuta masikioni.

Matokeo yake, Jumapili moja asubuhi fundi anafungua mlango atoke, anakutana uso kwa uso na wanawake watatu, kila mmoja na kikapu chake. Muuguzi mmoja, mwalimu wa chekechea mmoja, na shemeji yake, mdogo wa msusi, mwenye ulimi usio na breki. Wamekuja kuonyeshwa hilo duka.

Fundi akaweka kidole mdomoni, mke wake amelala. Akawashusha ngazi hadi chini, maana jengo la fundi wa lifti, cheka usicheke, halina lifti. Kule chini, alivyokuwa hana tena pa kutokea, akawamwagia yote. Duka hakuna. Halijawahi kuwepo. Hela ni ya pasi na feni.

"Akijua, Jumapili ijayo ataamka aende mwenyewe," akasema. "Na ile miguu mmeiona."

Wakatazamana. Shemeji akaficha uso kwenye kikapu, mabega yanatikisika, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Walicheka mpaka muuguzi akatafuta pa kukaa. Wala hakikuwa kicheko cha kumsimanga, kilikuwa kile kinachokufanya umpende mtu zaidi.

"Shemeji, kwa uongo hujambo," akasema mdogo wa msusi akijifuta macho. "Sasa twende tukalitafute hilo duka lako mpaka lipatikane."

Hapo fundi akafufuka. Lifti haitengenezwi na mtu mmoja. Mmoja anakaa juu, mwingine katikati, wa tatu chini, na anayetoa amri ni mmoja tu. Akamtuma muuguzi supamaketi ya kiyoyozi, huyo ndiye Juu; mwalimu ile ya pembeni ya benki, Katikati; shemeji ile ya jumla karibu na stendi, Chini. Yeye akasimama njia panda, simu sikioni, wote wanne kwenye laini moja.

Juu, mchele unasemaje? Katikati? Chini? Akapiga marufuku kutaja bei ya mfuko, anataka bei ya kilo tu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kufichuka. Ule mfuko mkubwa uliobandikwa karatasi nyekundu ya punguzo ulikuwa ghali kuliko mifuko midogo iliyokaa kimya pembeni yake. Na dumu kubwa la mafuta la kule kwenye jumla, likigawanywa nyumba nne, lilishuka hata chini ya bei ya uongo wake. Mlinzi akamuuliza muuguzi kama ni mpelelezi. Akajibu hapana, ni fundi wa lifti.

Walirudi wakagawana mafuta uani, wakicheka na kugombana nani kapunjwa, kisha fundi akapanda ngazi na chenji ya kweli mfukoni. Mkewe hakuwa amelala. Alikuwa amekaa dirishani, alikuwa amewaona. Fundi akaweka hela mezani, na furaha ikamshinda, akasimulia kila kitu, uongo na ushindi kwa pamoja. Msusi alicheka mpaka machozi. Kisha akaisogeza chenji pembeni.

"Kwa hiyo yote hayo ni ili mimi nilale."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Silali, mume wangu. Ukitoka tu naamka, nakaa hapa nakungoja. Nikisikia hatua zako kwenye ngazi narudi kujilaza, kwa sababu naona unavyofurahi. Siku yangu moja ya kuwa nyumbani, ndiyo siku unayoondoka."

Fundi akajitetea kwamba tangu waoane manunuzi yamekuwa ya Jumapili.

"Yalikuwa ya Jumapili kwa sababu mimi sikuwa na siku nyingine," akasema mkewe. "Wewe umestaafu. Kwani Jumatatu maduka yanafungwa?"

Hapana, fundi akakiri, hayafungwi. Akavua viatu.