Kolwezi Kwanza, Kasaji Baadaye

Wimbo ule ukipigwa redioni mimi huzima redio, hata kama nyumbani kuna wageni. Wacha waninunie.

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Kolwezi. Jumapili baada ya misa, sisi wapenda muziki tulikutana barazani kwa fundi cherehani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na gramafoni. Tulibishana mpaka koo zikakauka: bendi gani ya Léopoldville ni kiboko ya wenzake, nani anacharaza gita, wimbo gani umenoga zaidi kwa aliyeuiga kuliko kwa aliyeutunga. Fundi aliwaabudu watu wa Léopoldville, ingawa yeye mwenyewe hajawahi kufika hata Sandoa.

Jirani yangu, mchimbaji wa mgodini, hakuja kubishana. Alikaa mlangoni pake na gita lake, na wimbo mmoja aliotunga mwenyewe. Kambi nzima ya wafanyakazi tuliyokaa ilijua ulikotoka. Mkewe alikwenda Tenke kwenye kilio cha dada yake, akatuma salamu kwamba atarudi kwa treni ya Jumamosi. Jirani akavaa koti, akaja stesheni. Treni ikasimama. Mama yule alikuwa dirishani, akamtazama mumewe vizuri kabisa, na hakushuka. Akaendelea mpaka Kasaji kwa watu wake. Mimi nilikuwepo, nikajifanya nasoma karatasi za mizigo.

Wimbo wenyewe ulikuwa huo tu: Tenke, Kolwezi, Kasaji. Akifika kwenye Kolwezi aliacha nyuzi zinyamaze kidogo, kisha akaendelea Kasaji kwa sauti ya chini.

Basi akaja mpiga gita mmoja mgeni, akafikia kwa ndugu yake katika mstari wa nyumba ulio nyuma yetu. Majuma mawili alikaa kwa jirani akitazama vidole vyake. Jirani akamfundisha kila kitu, maana ndivyo tulivyofundishana, hakuna aliyemuuliza mwenzake anakwenda kuufanyia nini wimbo. Mgeni akaaga, akaenda zake Léopoldville.

Miezi kadhaa baadaye fundi akaweka kwenye gramafoni sahani mpya ya muziki, plaki kama tulivyoiita, anatabasamu kama bwana harusi. Ulikuwa wimbo wa jirani. Sauti tatu, tarumbeta, mwendo wa kucheza, na jina la yule mgeni kwenye karatasi ya katikati. Lakini vituo vilikuwa Tenke, Kasaji, Kolwezi! Mama anashuka Kolwezi, mumewe anampokea, tarumbeta zinalia kwa furaha.

"Haiko vile," nikasema. "Treni inafika kwanza Kolwezi, kiisha Kasaji. Mi njo niko ku stesheni, minajua."

"Weye karani, hii ni muziki," fundi akajibu. "Haiko horaire, ile karatasi ya saa za treni."

"Ni wimbo ya jirani yetu. Bamemwibia."

"Jirani anaiga bale ba Léopoldville. Na anaiga mubaya, Kasaji anaiweka ku mwisho."

Na wenzangu wakatikisa vichwa kumkubalia. Watu wazima, wengine wao wafanyakazi wa reli hiyo hiyo, waliousikia wimbo ule kwa jirani miaka mitatu! Kwa sababu tu umetoka kwenye sahani, ukawa ndio wa kweli, na mwenye wimbo akawa mwigaji. Niliona aibu kwa niaba yao. Kuanzia hapo nilibishana nao kila Jumapili, mpaka wakaanza kunikwepa. Jirani akipiga mlangoni pake, wapita njia walisimama kumsahihisha.

Kisha fundi akamwoza binti yake, akamwita jirani apige mchana wa sherehe.

"Tata," akamwambia mbele ya wageni, kwa heshima kama anayemwita baba, "utupigie ile ya ku plaki. Lakini vile plaki inasema. Bantu banataka kucheza."

Nilisimama nikingoja jirani akatae. Nilikuwa tayari hata kugombana, pale pale, mbele ya bibi harusi. Jirani akakaza nyuzi, akaanza. Tenke. Kasaji. Kolwezi. Hakunyamaza popote. Watu wakacheza, wakapiga makofi, na fundi akaja kumshika bega.

"Leo sasa umeijua, tata."

"Aksanti, tata," jirani akasema.

Nilimfuata nje. "Juu ya nini umekubali? Ile ni wimbo yako. Unajua muzuri treni haipite vile."

Alikuwa akifuta gita kwa pindo la koti lake, hakuinua macho.

"Minajua," akasema. "Lakini mu ile yabo, mama anashuka."

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa nimegombana na nusu ya kambi kwa ajili yake, na kumbe yeye mwenyewe alitaka treni ipite Kasaji kwanza.