Asilimia Kumi ya Kilichobaki

Duka la Mzee Hamisi pale Makandana lilinuka vidonge vya kufukuza nondo wa nguo na sufi mpya, na kila kipupwe kikiingia Tukuyu, ukungu ukashuka hadi mlangoni mwa nyumba yetu Kyimo, harufu hiyo hunirudia. Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu Lusajo alikuwa ametoka hospitali na kifua, na daktari alimwambia mama jambo moja: mtoto asipigwe baridi. Siku hiyohiyo nilisoma karatasi iliyobandikwa dukani. Blanketi zito lilikuwa shilingi elfu arobaini, punguzo asilimia ishirini, na anayelipa taslimu anapunguziwa asilimia kumi zaidi. Nikampigia mama hesabu kwa majivuno: ishirini na kumi ni thelathini, kwa hiyo tutalipa elfu ishirini na nane. Mama aliishia darasa la tatu, na neno langu kwake lilikuwa neno la mwalimu. Akauza mikungu miwili ya ndizi na kuku aliyekuwa akiatamia, akapata elfu ishirini na nane, na elfu moja ya nauli yetu ya kurudi.

Mzee Hamisi alizihesabu noti taratibu. “Mama Tusekile, bado mia nane.”

Mama akanigeukia. Nikasema, “Ni asilimia thelathini, babu.”

“Hapana, mjukuu wangu. Ishirini inakatwa kwanza, inabaki thelathini na mbili elfu. Ile kumi inakatwa kwenye kilichobaki, si kwenye arobaini. Punguzo la pili ni elfu tatu na mia mbili.”

Nilitamani sakafu inimeze. Mama hakubishana wala hakuomba apunguziwe. Alifungua fundo la kanga, akaitoa nauli, akarudishiwa mia mbili. Tukarudi Kyimo kwa miguu katika manyunyu, blanketi likiwa kichwani pake ndani ya mfuko wa nailoni. Nilingoja anigombeze. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliponiambia, “Kesho utanifundisha hizo asilimia. Tukikosea tena, tukosee wawili.”

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mama aliinama kwa mwanawe. Kipupwe kizima tulikaa jikoni tukipanga maharage mia moja juu ya ungo, tukiyaondoa na kuyahesabu yaliyosalia, huku Lusajo akilala karibu na moto, kifua chake kikitulia siku hadi siku.

Lusajo sasa ana watoto wake, na watoto hao hubonyeza simu, jibu likaja kabla swali halijaisha. Siwalaumu. Lakini mwezi uliopita nilimsindikiza mama dukani mjini, binti wa kaunta akamwambia kwa furaha kwamba sufuria zimepunguzwa asilimia ishirini. Mama aliinua mfuniko, akautazama, akauliza kwa upole, “Ndaga, asante mwanangu. Ishirini ya bei ipi, ya juzi au mliyoipandisha leo?” Binti yule akainamisha macho.