Nilimwandikia Rafiki Yangu Mia

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjaniuliza. Nilimhesabia rafiki yangu mkwaju mmoja wa gofu. Mmoja! Chekeni tu, mtanyamaza.

Mimi na Baba Wambui ni majirani hapa Brooklyn Park, Marekani, manesi wote wawili. Gofu tulijifunzia ukubwani. Ndoto yake ilikuwa moja: aende Uskoti, kwenye uwanja mkongwe wa katikati ya miti, amalize chini ya mikwaju mia. Nyonga yake ilikuwa imechoka, operesheni ikimngoja tukirudi. Alijua huenda asicheze tena.

Tukafanya ovataimu, tukaenda.

Uwanja wenyewe? Mvua, nyasi, mialoni mizee kuliko jiji la Nairobi, na ukutani picha za wazee wa masharubu wanaokutazama kama umeingia na matope. Watu wanavuka bahari kuja kulowa! Tukapangwa kucheza na mzee wa pale, mkimya kama kisiki. Desturi ni kuandikiana: mimi nikashika kadi ya Baba Wambui, yeye akashika yangu.

Shimo la tano, mpira wangu ukakwama kwenye mizizi. Nikausukuma nje kwa kiatu. Kwa sheria hilo huongezwa mkwaju, lakini sikumwambia aliyeshika kadi yangu.

Shimo la kumi na mbili, Baba Wambui akazungusha fimbo, akaukosa mpira kabisa.

"Jirani, hapo nilikuwa napasha misuli tu."

Kwa sheria, kukosa nako ni mkwaju. Nikaandika moja.

Tulipomaliza akajumlisha kichwani, machozi yakimlengalenga. "Jirani! Tisini na tisa!"

"Mia," nikasema. "Nimehesabu mara mbili. Ule wa misuli umo. Sheria ni sheria, bwana."

Ole wa mdomo huu!

Yule mzee akakohoa. "Na ule uliousukuma kwa kiatu, nao umo?"

Baba Wambui akanigeukia. "Ni kweli?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi, mjanja wa mji, nikaanza kupatana bei kama niko soko la Gikomba. "Ile ilikuwa mizizi, si mchezo. Basi tufute wako, tufute wangu, tuwe sawa."

"Wacha," akasema. "Mia ibaki." Akatia sahihi.

Kwenye ndege hadi Minneapolis aliniambia maneno mawili tu: "Samahani, napita."

Alipotoka hospitali nikampelekea githeri, mahindi na maharagwe ya kwetu. Mkewe akapokea sufuria mlangoni. "Amelala, Jirani." Nyuma yake nikamsikia aliyelala akiangua kicheko na watu wa kanisa. Sikuwahi kuingia. Miezi imepita, na bado anapona kwa kila mtu isipokuwa kwangu.

Enyi mahakimu wa marafiki zenu, mnaoshika kalamu kama upanga, msinifuate! Nilikuwa sahihi, na usahihi wangu haufai hata kufungia maandazi. Rafiki akikuomba umfichie aibu ndogo, mfichie, ushukuru amekuomba wewe. Jumamosi hizi nacheza peke yangu. Sina hata wa kunidanganya.