Buti za ski juu ya zulia la Mama

Mteja wetu anajua Kiswahili. Nimegundua leo, mbele ya kamera, nimevaa buti za ski.

Buti mpya, jamani. Jioni nnakwenda kuteleza kwenye vilima vya mchanga vya Bawshar, basi nikazivaa nizizoee, huku nikimwonyesha mteja programu yetu. Kwa Kiarabu, kama kawaida. Kamera inaonyesha kifua tu, nani ataona?

Mama aliona. Kaingia na birika la kahawa.

"Viatu juu ya zulia langu? Simama uvivue."

Mama akisema simama, unasimama. Mteja akaona kanzu mpaka buti.

Miezi mitatu, kila kikao, mimi na mwenzangu wa kazi Otieno tunaambiana kwa Kiswahili: "Huyu mzee leo kanuna tena." Mzee mwenyewe yuko hapo hapo kwenye skrini.

Leo, Otieno hayupo kikaoni, mzee kafungua mdomo, Kiunguja kitupu: "Msikilize mama yako, vua viatu. Programu yenu nimeikubali."

Nimeruka kwa furaha. Na buti. Juu ya zulia.

"Na mwambie Otieno sijanuna. Ndiyo sura yangu."

Kesho tuna kikao naye tena. Nisemeje, na kwa lugha gani?