Mvua Aliyoisikia Mzee Omari

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu wa ofisi ya kilimo pale Kwale alinikabidhi vitu vitatu: baiskeli isiyokuwa na breki ya nyuma, daftari la jalada gumu, na kioo chembamba kama bilauri, kilichochorwa mistari ya kupimia. Baiskeli aliniachia ukutani niichukue mwenyewe. Kioo alinipa kwa mikono miwili.

“Hamisi,” akaniambia, “ukivunja baiskeli utatembea kwa miguu. Ukivunja kioo utarudi kwenu Tiwi.”

Nilikuwa karani wa mvua. Msicheke. Nyinyi leo mnatazama simu mkajua kesho kutanyesha, na kusiponyesha hamna wa kumlaumu. Wakati wetu, katika miaka ya hamsini, mvua ilihesabiwa baada ya kunyesha, na aliyekosea alijulikana kwa jina na kwa baba yake. Kila kituo kilikuwa na kipimamvua, nacho ni mkebe wa shaba uliozikwa nusu ardhini, juu una mdomo kama faneli, ndani una chupa. Mvua inaingia mdomoni, inashuka chupani. Saa tatu kamili asubuhi mtunzaji anaitoa chupa, anamimina maji kwenye kioo, anasoma mstari, anaandika. Tulipima kwa inchi na pointi, na pointi mia zilikuwa inchi moja. Kama hamna maji, anaandika sifuri. Daftari halifutwi. Ukikosea unaandika sahihisho pembezoni na kutia sahihi.

Kazi yangu ilikuwa kuvizungukia vituo, kukagua mikebe isije ikavuja, na kutia sahihi chini ya kila ukurasa. Msambweni, Shimoni, Wasini kwa mashua, Vanga, kisha Lunga Lunga ambako watu waliniuliza kila mara kwa nini Serikali imewaletea chombo cha kupimia kitu wasichokuwa nacho. Safari moja ilichukua wiki mbili. Mchanga wa njia ya pwani ulinifundisha kuisukuma baiskeli kuliko kuipanda.

Nyuma ya baiskeli nilifunga gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, niliyoinunua Mombasa kwa mwenyewe aliyekuwa amechoka nayo, na sahani sita za santuri za taarabu. Wazee wa Msambweni walinitania kwamba karani wa mvua anatembea na harusi yake mgongoni. Nilikuwa na kitabu pia, kimoja tu, cha safari za baharini. Unyevu wa pwani ulikivimbisha hadi kikakataa kufungika, nami nikakisoma mara nne, kila mara nikitumaini nahodha atakuwa na akili zaidi. Hakuwa.

Katika watunzaji wote, niliyempenda zaidi ni Mzee Omari, aliyekaa kijiji kimoja baada ya Majoreni, njia ya kwenda Vanga. Alikuwa mtu mrefu, mkulima wa minazi na muhogo, mwenye mwandiko mzuri wa chuoni, chuo cha Kurani. Mkebe wake aliuzungushia ua wa miti ili mbuzi wasiukaribie, na kila Ijumaa aliusugua kwa majivu na ndimu mpaka ukang'aa. Mkewe, Bi Mesalimu, alilima mpunga bondeni pamoja na wanawake wenzake. Nilikuwa nimesikia kwamba walimzika mtoto mwaka mmoja kabla sijaanza kazi, na kwamba hawakuwa na mwingine. Sikuuliza zaidi.

Mwaka wangu wa tatu kazini, masika yakiwa yameanza, Bwana Kilimo aliniita. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ofisi, Mwingereza mwenye uso mwekundu, aliyesema Kiswahili cha kuamrisha lakini hakuwa mtu mbaya. Mezani alikuwa na daftari la Mzee Omari.

“Wanawake wa bonde hili wanaomba mbegu za mpunga,” akasema. “Wewe umewaona?”

“Ndiyo, Bwana. Mpunga wao si haba.”

“Daftari linasema mvua yao haitoshi hata kumnywesha kuku.” Akafunua kurasa za nyuma, za kabla yangu. “Tazama siku hii. Msambweni, inchi mbili. Shimoni, inchi mbili na zaidi. Vanga, hivyo hivyo. Omari peke yake ameandika sifuri. Alilala?”

Nikainama kuitazama ile sifuri.

“Ama daftari ni kweli, na mbegu haziendi. Ama mzee huyu anaandika bila kutazama, na ninamwondoa, na mkebe ninaung'oa. Nenda ukaniambie lipi.”

Niliisukuma baiskeli siku tatu, lile daftari la mzee nimelifunga nyuma yake. Likiwa la kwanza, wanawake wangekosa mbegu. Likiwa la pili, Mzee Omari angeitwa mwongo mbele ya kijiji kizima. Na kurasa za miaka miwili ya mwisho zilikuwa na sahihi yangu chini, kwa hiyo uongo wake, kama ulikuwako, ulikuwa pia wangu.

Alinipokea kama siku zote. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu. Hujambo? Njiani salama?” Tulikula wali wa nazi na papa mkavu, kisha baada ya magharibi nikazungusha gramafoni pale barazani. Upande wa kwanza wa sahani haujaisha, mvua ikaanza kupiga makuti.

“Isimamishe kidogo, karani,” akasema Mzee Omari. “Niisikie.”

Nikainua sindano. Yeye akaisikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja. Kisha akasema, kama anajisemea mwenyewe, “Hii inchi moja imepita.” Nilidhani anajifurahisha tu. Nikaenda kulala, na kikombe changu cha bati nikakisahau uani juu ya gogo.

Asubuhi nilikikuta kina maji karibu ya vidole viwili. Kikombe chenye kuta zilizosimama wima hakijui kudanganya: kimo cha maji ndicho kimo cha mvua. Nikatia rula ndani. Inchi moja na robo. Saa tatu ilipofika Mzee Omari alikwenda uani, akatoa chupa, akamimina mbele ya macho yangu. Kioo kilisoma pointi themanini, yaani inchi moja haikufika. Aliitazama ile mistari, akakigeuza kioo kwenye mwanga, akatikisa kichwa kidogo, akaandika themanini. Hakuwa mwongo. Aliandika alichokiona, na alichokiona hakikuwa mvua yote.

Nikaukagua mkebe. Hauvuji. Lakini ndani ya ua, kwenye tope, palikuwa na nyayo ndogo za miguu mitupu, nazo hazikuwa za mzee.

Mzee alipokwenda shambani nilibaki barazani, na Bi Mesalimu alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Nilimwamkia tena ingawa tulikwisha kuamkiana, maana sikujua nianzie wapi. Mwishowe nikamwambia kuhusu kikombe changu.

Hakukana. Aliweka ungo chini.

“Nachukua maji ya kombe, mwanangu.”

Kombe ni aya za Kurani anazoandika mwalimu kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa. Maji bora kwa kazi hiyo ni ya mvua yasiyogusa ardhi. Bi Mesalimu ndiye aliyempelekea mwalimu wa kijiji maji hayo, na wagonjwa walitoka hata vijiji vya jirani.

“Si ungetega sufuria, bibi?”

“Sufuria zangu zote zimepikiwa papa. Ya paani yanapita kwenye makuti, na kwenye makuti wanalala popo. Kile chombo chenu kinasuguliwa kila Ijumaa, hakiguswi na kuku wala mbuzi. Kijiji hiki hakina kitu safi kuliko kile.” Akanitazama. “Na simalizi. Nawaachia kidogo, ili Serikali ijue kwamba imenyesha.”

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamweleza mambo ya mbegu. Nikamweleza kwamba kila chupa aliyoichukua imefanya bonde lake mwenyewe lionekane kavu, na kwamba mumewe anadhaniwa mwongo. Alishika mlango.

“Baba Fatuma hajui,” akasema. “Wallahi hajui. Nakwenda alfajiri, yeye akiwa msikitini.”

Aliniletea chupa anayochukulia, chupa ya marashi. Niliijaza, nikaimimina kwenye kioo changu: pointi arobaini na tano. Nikamuuliza kama anakumbuka alichukua mara ngapi. Nilitegemea aseme nyingi. Yeye akaanza kunihesabia wagonjwa. Mke wa Bakari, alipojifungua kwa taabu, ile mvua ya mwezi mwandamo wa Shaabani. Mtoto wa Mwanamisi, degedege, mara mbili, mvua mbili zilizofuatana. Mzee Kassim wa Majoreni, macho. Alikumbuka kila mtu na mvua yake. Nikalifungua lile daftari la mzee, nikawa naandika katika langu, na kila jina lilipata siku yake. Walizidi thelathini. Nilipojumlisha, bonde lilipata mvua ya kutosha mpunga na ikabaki.

Ila ile siku ya sifuri haikupata mgonjwa. Nilipoitaja, Bi Mesalimu alivuta kanga usoni.

“Hiyo niachie,” akasema.

Nilirudi Kwale nikaandika taarifa yangu ya ukweli. Bwana Kilimo aliisoma mara mbili. Nilitazamia ukali. Yeye akaomba gari.

“Ninataka kumsikia mzee mwenyewe,” akasema. “Ile sifuri siielewi.”

Tulimkuta Mzee Omari nyumbani. Mkewe alikwisha kumweleza habari ya chupa ya marashi, hilo nililijua mara moja nilipomwona, maana alisimama mbele ya Bwana Kilimo kama mtu aliyekwisha kujihukumu. Alikuwa amelifunga daftari lake jipya kwa uzi, tayari kulirudisha.

“Mkono wangu umeandika uongo miaka mitatu,” akasema. “Mpeni mwingine.”

Bwana Kilimo hakulipokea. Alifunua lile la zamani, akaweka kidole kwenye ukurasa.

“Siku hii. Ulitazama au hukutazama?”

Mzee Omari aliusoma mwandiko wake mwenyewe.

“Nilitazama, Bwana. Siku hii ndiyo niliyomzika Fatuma, mtoto wangu. Alikuwa na homa. Niliisikia mvua tangu isha mpaka alfajiri, nimekaa karibu yake. Akafariki jua linachomoza. Saa tatu nikaenda uani kwa sababu ni kazi. Chupa haina kitu. Nikaipindua, haina kitu. Nikaandika sifuri. Nilidhani masikio yangu yameharibika kwa kulia. Tangu siku hiyo kila inaponyesha naisikiliza, na kila asubuhi kioo kinaniambia nimesikia vibaya.”

Bi Mesalimu alikuwa nyuma ya mlango. Alitoka mpaka barazani, jambo ambalo mbele ya wageni hakuwa akilifanya.

“Siku ile nilichukua yote, Baba Fatuma,” akasema. “Mwalimu aliniambia chupa moja, mimi nikachukua yote. Kisha nikakuona umesimama pale uani unaipinduapindua ile chupa. Nikasema sitakuachia tupu tena.”

Mzee Omari alimtazama mkewe.

“Kwa hiyo ilinyesha.”

“Ilinyesha, baba.”

Akakaa chini kwenye ngazi ya baraza, akavua kofia, akajifuta uso nayo. Bwana Kilimo alitazama minazi kwa muda. Kisha akatoa kalamu yake mfukoni, akampa Mzee Omari, akamwambia asahihishe. Mzee akauliza aandike pointi ngapi. Bwana Kilimo akasema aandike anachokijua. Akaandika pembezoni, kwa ule mwandiko wake wa chuoni, neno moja, na akatia sahihi: Ilinyesha.

Mbegu zilifika kwa lori kabla ya masika kwisha. Mzee Omari aliendelea na kituo mpaka alipozeeka, na mimi nilimpelekea mkewe mkebe mwingine wa shaba, wa zamani, uliokwisha kuondolewa katika hesabu zetu, akauzungushia ua wake mwenyewe. Wote wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu.

Nilipostaafu, miaka mingi baadaye, baiskeli yangu nilimwachia mtu asiye na haraka. Ninyi vijana mnaniuliza kama sikuchoka kuandika tarakimu maisha yangu yote. Nilichoka. Lakini katika kukabidhi kazi, kijana aliyenirithi, msomi, mpole, aliyapitia madaftari yote ya zamani, na alipofika kwenye ukurasa ule akasimama. Alisema amejaribu kuijumlisha siku hiyo na hawezi, maana pana sifuri, na pembezoni pana neno bila tarakimu.

“Mzee, imeandikwa ilinyesha. Ilinyesha kiasi gani?”

“Hatujui, mwanangu,” nikamwambia. “Maji yale alinyweshwa mtoto.”