Shali ya Wakesho

Aibu yangu mnaijua nusu, ile nusu ya kuchekesha, basi leo nyamazeni niwape nzima.

Wakati ule Baba Wakesho alikuwa kazini reli, Mombasa, anakuja akipenda, nami huku Werugha mlimani nina mtoto mchanga, Form Four yangu isiyo na kazi, na sanduku la udongo nyuma ya jiko nilimozalisha wale ndugu wa chura wasio na miguu, wanaofanana na mnyoo mnene (mwalimu mmoja wa chuo kikuu alinifundisha, akasema ni wa milima yetu tu, na sisi tunawakata kwa jembe tukidhani ni nyoka). Mayai ya jike langu yalipoanguliwa nikasema nitampeleka maonyesho ya kilimo ya Voi na watoto wake, watu wamwone, waache kuua.

Lakini jua la Voi mnalijua, na ngozi yao ikikauka wamekufa. Wakesho alikuwa na homa, nimemwacha kwa mama mkwe, shali yake ikabaki mkobani. Nikailowesha, nikaufunga nayo mfuko wa udongo niliowatia yeye na watoto wake, nikaupakata. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nimekaa peke yangu mezani, watu wananipita kwenda kuona ng'ombe, mara mke wa chifu huyo, mikono mbele: "Lete mjukuu nimbebe, upumzike kidogo!" Kabla sijafungua mdomo ameshanyakua. "Heh, amekojoa huyu!" Akafunua shali ambusu.

Ukelele ule ulifika stesheni. "Nyoka! Mama Wakesho amebeba nyoka!" Shali ikarushwa, udongo ukamwagika, watu wakatimua mbio, spika ikanyamaza, na mama mmoja wa kanisani akapaza sauti, "Na mtoto mwenyewe amemtupa wapi?"

Hilo ndilo lililonichoma. Miezi yote hiyo nalea peke yangu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mtoto wangu yuko wapi!

Nikapiga magoti, uwanja mzima umenizunguka kwa mbali, nikazoa udongo kwa viganja. Mwanamume mmoja akainua fimbo. "Piga uone," nikamwambia, akaishusha. Yule jike alikuwa bado amejikunja juu ya watoto wake, wote hai, na hakuna aliyesogea kumtazama.

Kuwafuga sikuacha. Ila naapa sitawafunika tena, nitawabeba wazi kwenye udongo uliolowa, mwenye kupiga kelele apige. Na anayetaka kunipokea mtoto aje Werugha siku ya kawaida, ukungu umeshuka, kuni mbichi, Wakesho analia. Si uwanjani mbele ya watu.